Ramani Kabla ya Hesabu: Kupima Hatari ya Kutoweka kwa Wadudu, Kaa na Jamaa Zao

Ndugu wahifadhi, walimu, wanafunzi, na nyote mnaobeba nyavu na kamera kwenda kutafuta viumbe wadogo,

Swali letu ni moja: tunajuaje kwamba mdudu fulani, au kaa, au buibui, anakaribia kutoweka? Kwa tembo na faru jibu huanzia kwenye hesabu ya vichwa. Kwa arithropodi, yaani wanyama wote wenye miguu ya viungo, hesabu ya vichwa mara nyingi haiwezekani, na pale inapowezekana huweza kutupotosha vibaya. Kinachotueleza zaidi ni ramani: anaishi wapi, ni mahali pangapi, hapo anategemea nini, na ni tishio gani linaloweza kumfagia kwa mara moja.

Nzige Melanoplus spretus wa Marekani anaonyesha jambo hili kuliko mnyama mwingine yeyote. Mwaka 1875 kundi lake lililopita juu ya nyanda za kati lilikadiriwa kuwa na matrilioni ya nzige. Mwaka 1902, miaka 27 tu baadaye, alikusanywa wa mwisho akiwa hai. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba katika miaka ya utulivu nzige hao walirudi kwenye mabonde machache ya mito penye milima ya Rocky, wakataga mayai kwenye udongo wake wa kichanga. Walowezi nao waliyapenda mabonde hayohayo: wakayalima, wakayamwagilia, wakaingiza ng'ombe. Mayai yakafukuliwa na majembe na kuzama kwenye maji ya mifereji, na nchi nzima iliyokuwa ikifunikwa na makundi hayo haikuona tena hata mmoja. Anayepima hatari ya mdudu hutafuta pale anapobanwa kuliko kwingine kote katika mzunguko wa maisha yake, kwa sababu hapo ndipo atakapopotelea.

Kipimo kinachotumika duniani ni Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ngazi zake za hatari ni tatu: Dhaifu (VU), Hatarini (EN) na Hatarini Kabisa (CR). Juu yake wako Waliotoweka Porini na Waliotoweka. Chini yake wako walio Karibu na Hatari na wale wa Wasiwasi Mdogo. Pembeni kuna makundi mawili yanayoeleweka vibaya kila siku. Takwimu Pungufu maana yake spishi imeangaliwa na taarifa hazikutosha kuipa ngazi. Haijapimwa maana yake hakuna aliyeiangalia kabisa. Yote mawili hayasemi kwamba mnyama yuko salama, na ofisi inayotoa kibali cha kufyeka msitu kwa hoja kwamba "hakuna mdudu wa Orodha Nyekundu humu" inakosea katika kusoma tu, kabla hatujafika kwenye sera.

Wadudu waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takriban milioni 1, na kadirio linalotajwa sana ni kwamba walioko wote wanafika milioni 5 na nusu hivi. Waliopimwa ni kama mmoja kati ya kila mia wa wale wenye majina. Kundi lililopimwa vizuri ni kereng'ende: mwaka 2021 tathmini ya spishi zote zilizojulikana wakati huo, 6,016, ilikamilika, na asilimia 16 zikaonekana kuwa katika ngazi za hatari. Mwaka 2025 ukatoka uchambuzi wa spishi 23,496 za maji baridi, zikiwemo samaki, kereng'ende, na gegereka wa jamii ya kaa na kamba. Kwa jumla asilimia 24 wako hatarini. Kwa gegereka peke yao ni asilimia 30, kiwango kikubwa kuliko cha samaki, na fedha nyingi za uhifadhi wa mito bado zinaandikwa kwa jina la samaki.

Vigezo vya kuipa spishi ngazi ni vitano, A hadi E, na kufikia kimoja tu kunatosha. Kigezo A hupima kupungua. C na D huhitaji idadi ya wakubwa wenye uwezo wa kuzaa. E huhitaji modeli ya hesabu inayotabiri uwezekano wa kutoweka. Kwa wadudu na buibui walio wengi tunabaki na B, kigezo cha eneo, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu.

B ina vipimo viwili. Cha kwanza ni upeo wa mtawanyiko: chukua sehemu zote ambako spishi imerekodiwa, chora umbo la pembe nyingi linalozizunguka bila kubonyea ndani, kama kamba iliyokazwa kuzunguka vigingi vya nje kabisa, kisha pima eneo lake. Chini ya kilomita za mraba 100 ni kiwango cha Hatarini Kabisa, chini ya 5,000 Hatarini, chini ya 20,000 Dhaifu. Cha pili ni eneo linalokaliwa: tandaza juu ya ramani miraba ya kilomita 2 kwa 2, hesabu iliyo na rekodi, zidisha kwa 4. Spishi yenye rekodi 9 zinazoangukia miraba 6 ina kilomita za mraba 24. Mipaka hapa ni 10, 500 na 2,000. Ikitokea kipimo cha kwanza kikawa kidogo kuliko cha pili, kama inavyotokea kwa spishi ya kijito kimoja, cha kwanza hupandishwa kilingane na cha pili.

Wengi huishia hapo na kutangaza ngazi. Hilo ni kosa. Eneo dogo peke yake halitoshi. Lazima yatimie masharti mawili kati ya matatu: makazi yawe yamekatika vipandevipande au mahali pawe pachache. Kuwe na kupungua kunakoendelea, iwe ni kwa eneo, ubora wa makazi au idadi. Au kuwe na kupanda na kushuka kwa kupindukia. Mbawakavu wa kilele kimoja cha mlima ambacho hakuna anayekigusa anaweza kuwa na eneo la kilomita za mraba 8 na asiingie ngazi yoyote ya hatari kwa kigezo hiki. Kereng'ende mwembamba Amanipodagrion gilliesi, anayejulikana kutoka eneo dogo la vijito vya msituni Usambara Mashariki, yumo kwenye Hatarini Kabisa kwa sababu udogo wa eneo umeambatana na tishio kwa msitu unaovipa vijito hivyo kivuli.

Neno "mahali" katika kanuni hizi lina maana yake maalumu. Mahali pamoja ni eneo ambalo tukio moja la tishio linaweza kuwafikia wote waliomo kwa haraka. Chukua madimbwi matatu yanayolishwa na chemchemi moja. Kama tishio ni kuivuta chemchemi kwa pampu, hapo ni mahali pamoja, kwa sababu pampu moja itayakausha yote. Kama tishio ni ng'ombe wanaokanyaga kingo, na kila dimbwi lina mwenyewe na mifugo yake, ni mahali patatu. Anayehesabu madimbwi bila kutaja tishio hajahesabu kitu, na wakaguzi hurudisha tathmini nyingi kwa sababu hii hii.

Kigezo A kina mtego wa namna nyingine. Hupima kupungua kwa miaka 10 au vizazi 3, chochote kilicho kirefu zaidi. Asilimia 30 ni Dhaifu, 50 Hatarini, 80 Hatarini Kabisa, pale ambapo chanzo cha kupungua hakijakoma. Kizazi cha wadudu wengi ni mwaka mmoja au chini, kwa hiyo tunabaki na miaka 10. Sasa mtazame kipepeo mfalme wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, anayehesabiwa kila mwaka akiwa amejikusanya kwenye miti ya pwani ya California. Hesabu ya mwaka 2020 ilipata chini ya vipepeo 2,000. Ya mwaka 2021 ilipata zaidi ya 240,000. Ukianza mstari wako kwenye mwaka mbaya utaonyesha ongezeko la ajabu, ukianza kwenye mwaka mzuri utaonyesha maangamizi, na yote mawili yatakuwa yametokana na mwaka uliouchagua. Kinachofaa ni mfululizo mrefu, kukokotoa mwelekeo kwa miaka yote, na kusema wazi umetumia mfumo gani. Hata wataalamu hubishana hapa: mwaka 2022 kipepeo mfalme anayehama aliwekwa Hatarini, na mwaka uliofuata, baada ya hesabu kupingwa na kupitiwa upya, akahamishiwa Dhaifu. Sioni aibu katika mabadiliko hayo. Ngazi ambayo haiwezi kupingwa kwa takwimu haina thamani.

Kwa gegereka wanaokua polepole, vizazi 3 hurefuka mno. Kamba mkubwa wa maji baridi wa Tasmania, Astacopsis gouldi, jike wake hukomaa akiwa na miaka 14 hivi na huzaa kila baada ya miaka miwili. Ukimpima kwa miaka 10 hujapima hata kizazi kimoja. Mto unaweza kuonekana una kamba wakubwa wa kutosha na kumbe hakuna wadogo wanaofuata, kwa sababu tope la mashamba na barabara limejaza nafasi kati ya mawe wanamojificha. Ndiyo sababu fomu ya kurekodi gegereka inahitaji vipimo vya urefu wa gamba. Jumla ya waliokamatwa haitoshi.

Tukija kwenye sababu, nitakaa juu ya mfano mmoja, kwa kuwa unafundisha kuliko orodha ndefu. Kipepeo wa buluu Phengaris arion alitoweka Uingereza mwaka 1979. Jike wake hutaga mayai kwenye matumba ya zaatari ya mwituni. Kiwavi hula maua kwa wiki mbili tatu, kisha hujiangusha chini jioni na kusubiri. Sisimizi mwekundu akimkuta humdhania buu wa nyumbani kwao, humbeba mdomoni na kumpeleka ndani ya kiota. Huko kiwavi huishi miezi kama 10 akila mabuu ya wenyeji wake. Ni sisimizi wa spishi moja, Myrmica sabuleti, ndiye anayemfaa kweli. Akichukuliwa na wa spishi nyingine ya karibu mara nyingi hufa.

Sisimizi huyu hutaka udongo wenye joto, na udongo hupata joto pale nyasi zinapokuwa fupi, sentimita 3 au chini. Malisho ya kondoo na ng'ombe yalipopunguzwa, na ugonjwa wa miaka ya 1950 ulipowaua sungura, nyasi zikarefuka kidogo tu, udongo ukapoa nyuzi 2 hadi 3, na sisimizi wa spishi nyingine wakachukua nafasi. Zaatari ilikuwapo, maua yalikuwapo, na kwa macho ya mpita njia mlima ulikuwa uleule. Baya zaidi, baadhi ya maeneo yalikuwa yamezungushiwa uzio ili kuwazuia wakusanyaji vipepeo, na uzio huo ukaizuia mifugo iliyokuwa ikimtunza sisimizi. Mtafiti Jeremy Thomas alipoufumbua mnyororo huu, idadi ilikuwa imeshuka mno kuokolewa. Kuanzia mwaka 1983 vipepeo waliletwa kutoka Sweden, na safari hii kwanza palirudishwa malisho, nyasi zikafupishwa, sisimizi wakahakikishwa wapo, ndipo viwavi wakaachiliwa. Mpango huo umefaulu. Utaratibu wake ndio wa kuiga: usilete mnyama kabla ya kurudisha kinachombeba.

Matishio mengine nayapitia kwa haraka. Dawa za kuua wadudu ziitwazo neonikotinoidi huyeyuka katika maji, hupanda hadi kwenye chavua na nekta, na huingia mitoni. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati yake kwa matumizi ya nje mwaka 2018. Taa za usiku huvuruga nondo na wadudu wa maji. Na nieleze jambo moja linalokwenda kombo kwa nia njema: kuongeza mizinga ya nyuki wa asali hakuwaokoi nyuki walio hatarini. Duniani kuna spishi za nyuki takriban 20,000, nyingi huishi peke yao ardhini au ndani ya mashina, na mizinga mingi ikipangwa kando ya makazi yao huwanyang'anya chakula na kuwaletea magonjwa. Nyuki wa mwituni anahitaji udongo ambao haujasakafiwa, kuni zilizooza ambazo hazijaondolewa, na maua yanayofuatana msimu mzima.

Kwa gegereka wa mito ya Ulaya tishio kuu ni ugonjwa. Kiumbe afananaye na kuvu, Aphanomyces astaci, alifika na kamba kutoka Amerika Kaskazini. Kamba hao humbeba bila kufa; kamba wa wenyeji, akiwemo Austropotamobius pallipes aliye katika ngazi ya Hatarini, hufa karibu wote mtoni. Mbegu za ugonjwa husafiri kwenye buti na nyavu zenye unyevu, maana yake mtafiti mwenyewe anaweza kuua mto mzima asubuhi moja. Ondoa tope lote kwa brashi kabla ya kuondoka ukingoni, osha kila kifaa kwa maji safi mbali na mto, anika mpaka kikauke kabisa, kisha kiache kikavu saa 48 zaidi. Sehemu zinazosahaulika ni mishono ya nyavu, kamba za mitego na nyayo zenye mifereji. Ukiwa na mito miwili kwa siku moja, anza na ule wenye kamba wa wenyeji, au beba seti mbili za vifaa.

Baharini, mnyama aitwaye kaa wa kiatu cha farasi, ambaye kwa ukoo yuko karibu na buibui kuliko kaa, anavuliwa ili atumike kama chambo, na damu yake hutumika kupima sumu za bakteria katika dawa za sindano. Limulus polyphemus wa Amerika ni Dhaifu. Tachypleus tridentatus wa Asia ni Hatarini. Kipimo mbadala kinachotengenezwa maabara bila damu kipo, na kiliingizwa kwenye kanuni za dawa za Ulaya kuanzia Januari 2021. Na kaa mkubwa wa nazi, Birgus latro, anayeishi miaka zaidi ya 40, aliwekwa Takwimu Pungufu mwaka 1996 na kukaa huko zaidi ya miaka 20 huku akiendelea kuliwa visiwani, hadi tathmini ya 2018 ilipomweka Dhaifu. Takwimu pungufu zilimgharimu muda huo wote.

Hapo ndipo kazi yenu inapoanza. Rekodi inayofaa kwa tathmini ina tarehe kamili, koordinati, hatua ya maisha, idadi, makazi au mmea mwenyeji, na juhudi, yaani watu wangapi walitafuta kwa muda gani. Andika koordinati kwa desimali nne, ambazo ni usahihi wa mita 11 hivi. Desimali mbili hukupa zaidi ya kilomita moja ya shaka, na kwenye miraba ya kilomita 2 hiyo inaweza kuihamisha rekodi kwenye mraba usio wake. Kosa baya kuliko yote ni kusahau alama ya kutoa mbele ya latitudo ya kusini: rekodi inaruka ikweta, umbo la pembe nyingi linapanuka kwa maelfu ya kilomita za mraba, na spishi iliyo taabani inatokea kuwa ya Wasiwasi Mdogo. Kabla ya kutuma, fungua ramani uangalie kila nukta kwa jicho lako.

Picha moja nzuri haitoshi kumtambua mnyama. Kereng'ende mpige ubavuni, mabawa, na viungo vya mwisho wa mkia kwa karibu. Kipepeo mpige mabawa juu na chini. Kaa wa maji baridi mpige mgongoni na tumboni, ambako dume huonyesha kifuniko chembamba na jike kipana. Spishi zake hutenganishwa kwa umbo la miguu ya uzazi ya dume, kwa hiyo picha za majike watupu mara nyingi huishia kwenye jina la jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, bila kufika kwenye spishi. Buibui mchanga ni shida vilevile, kwani viungo vya uzazi vinavyotofautisha spishi huonekana kwa aliyekomaa tu. Kama una kibali cha kukusanya, alkoholi ya asilimia 70 hadi 80 hutunza umbo na ya asilimia 95 au zaidi hutunza DNA. Lebo iandikwe kwa penseli na itiwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka, na lebo ya nje hubanduka.

Kereng'ende mzima aliyeonekana juu ya dimbwi huenda ni mpita njia tu. Gamba alilolivua tunutu wake, likiwa limeng'ang'ania unyasi ukingoni, ndilo linalothibitisha kwamba alikulia humo. Yakusanye magamba hayo; hayamdhuru mnyama, na humpa mtathmini ushahidi mzito kuliko picha kumi za wanaoruka.

Kuhusu spishi zinazouzwa, kama buibui wa buluu Poecilotheria metallica wa India, aliye Hatarini Kabisa na ambaye jenasi yake iliingizwa mwaka 2019 kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, msiweke koordinati kamili hadharani. Zitumeni kamili kwenye hifadhidata inayoweza kuzificha kwa umma. Msiziharibu kwa kuzikadiria wenyewe, kwa sababu mtathmini atakosa mraba.

La mwisho ni rekodi ambayo karibu hakuna anayeituma: nilitafuta, sikumwona. Kutangaza spishi kuwa imetoweka hudai utafutaji wa kina kwenye makazi yake yote, kwa msimu na saa inayolingana na maisha yake. Mdudu kijiti wa kisiwa cha Lord Howe, Dryococelus australis, alidhaniwa kutoweka baada ya panya kushuka kutoka meli iliyokwama hapo mwaka 1918. Mwaka 2001 wachunguzi walipanda mwamba wa Ball's Pyramid ulio kilomita 23 kutoka kisiwani. Mchana waliona vinyesi vibichi chini ya kichaka. Wakarudi usiku wakiwa na taa, na wakawakuta wadudu wachache wakiwa hai, ndio wote waliojulikana duniani. Utafutaji wa mchana peke yake ungemwacha kwenye orodha ya waliotoweka. Kwa hiyo rekodi ya kutomwona iandikwe saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, mbinu, urefu wa njia mliyopita, na kama mmea mwenyeji ulikuwapo. Tathmini ikipita miaka 10 huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati na hutakiwa kurudiwa. Tathmini nyingi za kaa na kamba wa maji baridi zimeshavuka umri huo, na fomu zenu za msimu huu zinaweza kuingia moja kwa moja kwenye duru inayofuata.